Jembe la Mgeni na Samaki wa Ulaya

Tumeletewa na mwalimu mmoja wa Vingunguti, Dar es Salaam, karatasi ya zoezi itumikayo darasani mwake. Upande wa kushoto zimeandikwa methali za Kiswahili. Upande wa kulia, za Kiingereza zidhaniwazo kuwa sawa nazo. Kazi ya namna hii si mpya. W. E. Taylor, mmisionari wa C.M.S. aliyekaa Mombasa, alitoa kitabu chake African Aphorisms mwaka 1891, akizifasiri methali za pwani kwa Kiingereza, na baada yake wamefuata wengi. Bidii ya mwalimu twaisifu, walakini twaona hatari katika karatasi hii, nasi hatuna budi kuitaja.

Wako wenzi waliopatana. Haba na haba hujaza kibaba imewekwa mbele ya usemi kwamba vidogo vingi hufanya kikubwa. Kibaba, robo ya pishi, kimepotea, lakini shauri limebaki. Hapo hatuna neno. Mtoto wa nyoka ni nyoka imepewa mwenzi asemaye kwamba alivyo baba ndivyo alivyo mwana. Waitalia nao wasema tale padre, tale figlio. Usemi huo waweza kumsifu mwana wa fundi hodari, bali ule wa nyoka haumsifu mtu kamwe. Mwalimu atakayeuandika katika taarifa ya mwanafunzi aliyeshinda, ajiweke tayari kumpokea mzazi.

Haraka haraka haina baraka yatutaka tukae kidogo. Kiingereza chasema kwamba haraka ikizidi mwendo hupungua. Kitaliano, chi va piano va sano e va lontano, yaani aendaye polepole huenda salama na kufika mbali. Mwingereza ahesabu wakati, Mtaliano ahesabu afya na safari, Mswahili aitafuta baraka, isiyohesabika. Tena Waarabu, ambao kwao tuliyapata maneno haya mawili, wasema al-haraka baraka, katika mwendo mna baraka, maana haraka kwao ni kujongea na kutokukaa bure. Maneno ni yale yale, vina ni vile vile, na shauri limegeuka. Ikiwa hata maneno yenyewe yakihama hugeuza shauri, seuze methali iliyobadilishwa maneno yote?

Sasa twafika penye kosa kubwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe imelinganishwa na usemi wa Kiingereza kwamba samaki na wageni hunuka baada ya siku tatu. Waitalia nao wanao: l'ospite è come il pesce, dopo tre giorni puzza. Tuseme kwa kupita kwamba ospite kwa Kitaliano ni mgeni, tena ni mwenyeji. Neno moja lawabeba wote wawili. Mwenye pupa huona siku tatu huku na siku tatu huku, akatia alama ya sawa. Lakini samaki aliyenuka hutupwa, naye mgeni apewaye jembe haambiwi aende zake. Aambiwa aingie shambani pamoja na wenye nyumba, ale chao kwa kuwa amekilima nao. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hii mwaka 1962 katika maandiko yake juu ya Ujamaa, akaeleza ya kuwa mgeni mwenyewe aliweza kuliomba jembe kabla hajapewa. Twakubali kwamba wako wenyeji waitumiao kumwondoa mgeni kwa adabu. Ndiyo sababu zaidi ya kutowafunza watoto maana hiyo peke yake.

Madhara yake tuliyaona hapo hapo Vingunguti. Kijana mmoja alitoka bara akafikia kwa mjomba wake, afanyaye kazi ya mbuzi karibu na machinjio. Siku ya tatu, baada ya chakula, mjomba akasema, "Haya, mpwa wangu, mgeni siku mbili." Kijana, ambaye shuleni alifunzwa methali hiyo pamoja na samaki wake, alinyamaza. Alfajiri akawa amefunga mzigo.

"Naondoka, mjomba, nisikuchoshe."

Mjomba alistaajabu, maana alikuwa amekwisha kumwombea kazi zizini, na mkononi ameshika mabuti ya mpira ya kumpa.

Hatusemi karatasi ichomwe. Twamshauri mwalimu aulize kwanza: methali hii husemwa na nani, kwa nani, wakati gani? Kisha aifasiri neno kwa neno, ijapokuwa Kiingereza chake hakitapendeza. Mwenzi wa kigeni aje mwisho, na asipopatikana asilazimishwe. Waitalia wana neno juu ya kazi hii, traduttore, traditore, mfasiri ni msaliti. Tulijaribu kulitia katika Kiswahili, "mfasiri, mfisadi", ili tuiokoe sauti. Sauti ilikuja kwa kiasi, ila kosa likabadilika, kwa kuwa msaliti na mfisadi si mamoja, tukaliacha.

Karatasi tumemrudishia mwalimu. Mbele ya methali ya jembe tumemfuta samaki, na nafasi yake tumeiacha wazi.