Macho ya Mtoto na Chanzo cha Vita: Uhakiki wa Filamu ya 'Beasts of No Nation'

Kazi ya sanaa inayohusu vita haipimwi kwa machozi peke yake. Hupimwa pia kwa mwanga inaoutoa: nani anapigana, kwa nini, na kwa faida ya nani. Kwa kipimo hicho tungependa kuichambua filamu ya Beasts of No Nation, iliyoongozwa na Cary Joji Fukunaga wa Marekani na kutolewa mwaka 2015. Msingi wake ni riwaya ya Uzodinma Iweala, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, iliyochapishwa mwaka 2005. Filamu ilipigwa Ghana, na mtoto Agu ameigizwa na Abraham Attah, kijana wa Ghana ambaye kwa kazi hiyo alipata tuzo ya waigizaji chipukizi katika Tamasha la Filamu la Venice.

Agu ni mtoto wa mwalimu katika nchi ya Afrika Magharibi isiyotajwa jina. Vita inapofika kijijini, mama yake anapelekwa mjini, baba na kaka yake wanauawa, naye anakimbilia porini. Huko anaokotwa na kikosi cha waasi, na Kamanda wa kikosi (Idris Elba) anamfanya askari.

Filamu hii ina nguvu tatu. Kwanza, inaonyesha jinsi muuaji anavyotengenezwa. Mwanzoni tunamwona Agu na wenzake wakimuuzia askari fremu tupu ya televisheni, huku wao wenyewe wakiigiza vipindi ndani yake. Huyu ni mtoto mcheshi na mwerevu. Vita inamnyang'anya baba, na Kamanda anajivika ubaba huo. Anampa chakula, bunduki, nyimbo na jamaa mpya, kisha anadai malipo, na malipo yenyewe ni kumwaga damu.

Pili, inaonyesha kwamba unyonyaji una ngazi. Kamanda anawatumia watoto, lakini naye anatumiwa na Kamanda Mkuu, anayemweka ofisini kwake akisubiri kama tarishi, kisha anamvua uongozi wa kikosi alichokijenga kwa damu ya wengine.

Tatu, fani inasaidia maudhui. Watoto wanapoleweshwa dawa kabla ya mapigano, majani ya porini yanageuka mekundu machoni mwao, nasi tunaelewa bila hotuba kwamba akili zao zimetekwa.

Hata hivyo filamu ina udhaifu mkubwa, nao ni wa kiitikadi. Agu hajui vita imetoka wapi, na hiyo ni haki yake, kwa kuwa ni mtoto. Lakini filamu nayo inajifanya haijui. Nchi haina jina, mwaka hautajwi, na majina ya makundi yanayopigana hayatupi sababu ya kupigana. Siasa za wakubwa zinaguswa ofisini kwa Kamanda Mkuu, kisha tunarudishwa porini. Kuelekea mwisho kikosi kinakaa muda mrefu kwenye machimbo ya dhahabu mpaka kinaishiwa na risasi. Hapo msanii amefika mlangoni pa chanzo chenyewe, lakini tunachoona ni matope. Nani hununua dhahabu hiyo? Nani huleta bunduki? Hatuambiwi.

Historia ya eneo hilo haiko kimya. Vita ya Liberia ilianza mwaka 1989, na ile ya Sierra Leone iliendelea tangu 1991 hadi 2002. Mwaka 2012 Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ilimhukumu Charles Taylor, aliyekuwa Rais wa Liberia, kifungo cha miaka 50. Ilithibitika kwamba aliwasaidia waasi kwa silaha na kupokea almasi kutoka kwao. Miongoni mwa makosa hayo lilikuwamo la kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 vitani. Almasi hizo hazikuliwa porini. Zilikuwa na soko na wanunuzi wake.

Wapo watakaosema kwamba msanii akishachagua macho ya mtoto hana budi kubaki na ujinga wa mtoto. Hatukubaliani nao. Filamu ya Kisovieti ya Elem Klimov, Idi i smotri (1985), nayo inamfuata mvulana, Flyora, katika Belarus ya mwaka 1943. Haimpi Flyora elimu asiyokuwa nayo. Lakini adui ana jina, mahali panajulikana, na mwishoni mtazamaji anaambiwa kwamba vijiji 628 vya Belarus viliteketezwa pamoja na watu wake. Mtoto anabaki mtoto, na historia inabaki historia.

Hasara ya kuficha chanzo ni kwamba mtazamaji wa mbali huondoka akiamini kuwa vita ni tabia ya Mwafrika, na kwamba dawa yake ni askari wa Umoja wa Mataifa na mshauri wa kumtuliza Agu. Agu anastahili matibabu hayo. Lakini machimbo yakibaki yalivyo, atapatikana Agu mwingine.

Tunashauri filamu hii itazamwe na ijadiliwe madarasani. Wanafunzi waanze na yale Agu aliyoyaona, kisha wafuatilie safari mbili ambazo filamu haikuzifuata: ya dhahabu inayotoka machimboni, na ya bunduki inayoingia porini.