Mahadhi ya Wote, Sauti ya Mmoja

Miji mikuu ya Ulaya haikosi starehe za usiku, na msafiri mwenye fedha na miguu isiyochoka aweza kuzunguka mlango hata mlango, huku dansi, huku kileo, huku taa za rangi zote, mpaka alfajiri imkute hawezi kusimulia alichokiona. Lisbon, mji mkuu wa Ureno uliokaa juu ya vilima kando ya mto Tagus, nao unazo baa na kumbi za namna hiyo, hususa katika mitaa ya Bairro Alto na Cais do Sodré, wala sina ugomvi na wazipendao. Ila mji huu una starehe nyingine ambayo haipatikani kwa ukamilifu wake mahali pengine popote, nayo ni nyumba za fado, ambamo watu hula, hunywa, kisha hunyamaza; na katika kunyamaza kwao hudhihirika ufundi ambao insha hii yataka kuusifu.

Fado ni uimbaji uliochipuka katika mitaa ya mafukara wa Lisbon mnamo karne ya 19, baina ya mabaharia, wachukuzi, wauza samaki na wanawake wa vilabuni. Mouraria, mmoja wa mitaa inayohesabiwa kuwa chimbuko lake, ndio waliopewa Waislamu wakae baada ya mji kutekwa na mfalme Afonso Henriques mwaka 1147. Na humo aliishi Maria Severa, mwimbaji wa kwanza ambaye jina lake halikufutika, aliyefariki mwaka 1846 angali kijana wa miaka 26. Watu wa heshima waliubeza uimbaji huo kwa muda mrefu. Mwaka 1927 serikali ya kijeshi ilitoa amri kwamba waimbaji wawe na vyeti vya kazi, maneno ya nyimbo yapitishwe kwa wakaguzi, na kumbi zipate idhini. Lakini amri iliyokusudiwa kuwabana iliipa sanaa ya vichochoroni paa na ujira. Mwaka huo huo ilifunguliwa nyumba ya fado iitwayo Café Luso. Mwaka 1947 mwimbaji Lucília do Carmo akafungua nyumba ambayo leo huitwa O Faia. Na katika Parreirinha de Alfama, nyumba ya mtaa wa Alfama, Argentina Santos alitoka jikoni alikokuwa mpishi, akasimama mbele ya wageni wale wale aliowapikia, akawaimbia. Mwaka 2011 UNESCO ikaiandika fado miongoni mwa turathi za wanadamu.

Hayo ni mashuhuri. Ufundi wenyewe hauonekani upesi. Ziko fado zenye mahadhi yake pekee, zilizotungwa pamoja na maneno yake na zisizotengana nayo, na nyingi katika hizo ndizo alizozipeleka mwimbaji Amália Rodrigues katika majukwaa ya dunia. Lakini shina la sanaa hii ni fado za jadi, ambazo mahadhi yake husimama peke yake, yakiwa na jina na kipimo, na shairi lolote lililopimwa kwa kipimo hicho laweza kuimbwa kwayo. Mahadhi matatu yanayoaminiwa kuwa ya kale kuliko yote, Menor, Corrido na Mouraria, hayana mtungaji ajulikanaye. Ni mali ya wote, nayo aghalabu hupokea beti za mishororo minne, kila mshororo mizani 7 kwa hesabu ya Kireno. Mengine yataka mishororo mitano au sita katika ubeti, na mengine hutaka mishororo mirefu ya mizani 10 au 12. Mswahili aliyelelewa katika tenzi na mashairi, aliyewahi kusikia utenzi mmoja ukighaniwa kwa sauti hii na mghani wa Lamu na kwa sauti ile na mghani wa Pemba, hahitaji kufafanuliwa zaidi: anajua kwamba mizani ikitimia, maneno na mahadhi vyaweza kuoana bila ya kujuana kabla.

Kwa sababu hiyo mwimbaji wa fado ana kazi mbili kabla hajafungua kinywa: kuchagua shairi linaloelekea umri wake, sauti yake na saa ile ya usiku, kisha kulichagulia mahadhi yatakayolibeba. Menor huenda polepole na huzuni yake, na mzaha ukipakiwa humo huzama. Corrido huenda mbio, na msiba ukiimbwa kwayo wataka stadi wa kweli, asije akaonekana anaucheka. Akisha kuchagua, kazi ya tatu humkabili hadharani, nayo ni kuyageuza mahadhi bila ya kuyapoteza. Ada ya wajuzi haimwachii kuimba ubeti wa pili kama alivyouimba wa kwanza: neno hili hulichelewesha, lile huliharakisha, mwisho wa mshororo huupandisha pale ulipotazamiwa kushuka, na pumzi huivuta mahali ambapo maana inaruhusu kituo, ilhali kila aliyemo nyumbani bado anayatambua mahadhi kama atambuavyo sura ya jirani yake. Shairi laweza kuwa limeandikwa jana, na mahadhi yakawa na umri wa zaidi ya karne; kile kinachozaliwa usiku ule ni namna ya kuviunganisha, na hicho hakiandikiki.

Nyuma ya mwimbaji huketi wapigaji wawili au watatu. Mmoja hupiga viola, gitaa la kawaida la nyuzi sita, na kazi yake ni kushika mwendo na sauti nzito za chini. Mwingine hupiga gitaa la Kireno, chombo chenye tumbo la mviringo na nyuzi 12 za chuma zilizopangwa jozi sita, ambacho hupigwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada vilivyovishwa kucha za bandia. Mbele yao hamna karatasi ya noti, na mara nyingi hapakuwa na mazoezi. Mwimbaji huwageukia, hunong'ona jina la mahadhi na sauti anayotaka kuanzia, na hayo huwatosha. Mpiga gitaa hajui ni shairi gani litakaloimbwa, wala ni neno gani litakalocheleweshwa, naye hulazimika kujibu kila mshororo unapomalizika: mwimbaji akiwahi kumaliza, hulijaza pengo kwa mdundo mwepesi wa nyuzi za juu, akilikawiza neno, huzuia mkono wake usimtangulie, akishusha sauti karibu na kunong'ona, hulegeza vidole hata nyuzi zisikike kwa taabu. Mgeni humtazama mwimbaji, lakini wajuzi hukitazama kidole kile cha shahada, kwani ndicho kinachoonyesha kama wawili hao wanasikilizana.

Miongoni mwa mabingwa wa jadi hii hakuna anayestahili kutajwa kuliko Alfredo Marceneiro, aliyefariki mwaka 1982. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Alfredo Rodrigo Duarte. La Marceneiro alipewa kwa kazi yake, kwa kuwa alikuwa seremala wa samani. Sauti yake haikuwa kubwa wala laini, na katika uzee wake ilikuwa imekwaruza; lakini alisifiwa kwa namna alivyoyakata maneno, kila fungu la maana likapata nafasi yake, hata asiyejua shairi akalielewa mara moja. Aliyatunga pia mahadhi ambayo waimbaji wa leo huyatumia kwa mashairi yao wenyewe, na sidhani kuna heshima kubwa zaidi kwa fundi kuliko kazi yake kuingia katika hazina ya wote, ikatumiwa na watu wasiomwona.

Ufundi huu wataka nyumba ya kuulinda. Wakati wa kuimba ukiwadia, taa hupunguzwa, watumishi husimama na sahani zao, na mtu hutangaza kwamba fado itaimbwa, basi pawe kimya. Tangazo hilo si mapambo. Katika nyumba nyingi hamna kipaza sauti, na mwimbaji ambaye amepanga kuumaliza ubeti kwa sauti ya chini kabisa anategemea kwamba uma hautagonga sahani katika meza ya mwisho. Baada ya nyimbo tatu au nne taa hurudi, jiko hufufuka, mazungumzo huchukua nafasi yake mpaka duru ifuatayo. Katika Mesa de Frades, nyumba ya Alfama iliyokuwa kanisa dogo na ambayo kuta zake zingali zimevaa vigae vya rangi, ukimya huo una daraja ya peke yake, hususa usiku mkubwa, waimbaji waliomaliza kazi katika nyumba nyingine wanapoingia kuimbiana wao kwa wao.

Haki yataka nitaje na upungufu. Baadhi ya nyumba humtoza mgeni bei kali kwa chakula cha wastani, na waimbaji wake huharakisha nyimbo wazijuazo watalii. Anayeogopa hasara hiyo na aende katika vilabu vidogo, kama Tasca do Chico ya Bairro Alto, ambamo huimba hata watu wenye kazi nyingine za mchana, kila mmoja akingoja zamu yake. Asiyetumia kileo hafukuzwi, maadamu ameagiza chakula au kinywaji. Ila Mwislamu aulize kabla ya kula, maana hata supu ya viazi na majani ya kabichi huletwa aghalabu ikiwa na kipande cha soseji ya nguruwe ndani yake.

Wala Mswahili asidhani kwamba yuko mbali sana na kwao. Mariza, mmoja wa waimbaji wakubwa wa zama hizi, alizaliwa mwaka 1973 katika mji ambao sasa ni Maputo, mama yake akiwa wa Msumbiji, akalelewa Mouraria katika mgahawa wa wazazi wake. Na husimuliwa kwamba, kabla hajajua kusoma, baba yake alimchorea picha ili akumbuke mfuatano wa maneno ya nyimbo. Hazina ya wote haimuulizi mtu alikozaliwa, maadamu ameshika kipimo.

Kwa msafiri nina nasaha moja. Asiondoke baada ya duru ya kwanza, hata kama ameridhika. Akae mpaka aingie mwimbaji wa pili, na wa tatu, mpaka ayasikie mahadhi aliyokwisha kuyasikia yakirudi katika kinywa kingine, na maneno mengine, na vituo vingine. Hapo ndipo atakapopata cha kulinganisha, na kujua kilicho cha jadi na kilicho cha mtu. Na aliyeondoka mapema amesikia wimbo mzuri, lakini ufundi alikuwa bado hajaanza kuusikia.