Alama Mbele ya Namba: Jinsi ya Kumjua Fundi wa Programu za Sataranji

Juzi kijana mmoja alimwagiwa sifa kwenye kundi la WhatsApp la wacheza sataranji kwa "kutengeneza" programu ya mwenzake ya uchambuzi. Alifanya nini? Aliifuta, akaiweka upya, akageuza ubao kuwa wa kijani, akakuza kete. Makofi yakamiminika. Kwenye picha ileile aliyoituma kwa majivuno, zamu ilikuwa ya mweusi, mweusi kapungukiwa ngome nzima, na pau ya tathmini imejaa weusi kana kwamba yeye ndiye anayeshinda. Hakuna aliyeuliza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kibaya kina wapambe wa kukitembeza.

Basi tuseme wazi kazi nzuri inatambuliwaje.

Kwanza mtazame anaanzia wapi. Fundi wa kweli hagusi ubao. Anafungua dirisha jeusi la amri, anaiita injini peke yake bila programu juu yake, anaandika "uci", kisha "isready", anangoja "readyok", anaandika "go depth 20", halafu anakaa kimya anasoma. Lugha hii ya UCI, ya mazungumzo kati ya injini na programu, waliitunga Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen mwaka 2000, na uzuri wake ni kuwa ni maandishi matupu: karibu kila namba ya injini unayoiona kwenye skrini imepita hapo kwanza. Mistari ikitoka sawasawa pale, injini haina hatia na kosa litafutwe kwenye programu. Isipotoka, rangi ya ubao itasaidia nini?

Dirisha la uchambuzi likiwa tupu, hodari hukuuliza ni tupu la namna gani. Kama hata "uciok" haiji, kwenye laptopu zetu za mtumba mara nyingi mtu kapakua injini ya Stockfish, toleo la avx2 au bmi2, na prosesa yake haizijui amri hizo. Injini inakufa kabla haijasema neno, na programu inaendelea kukudanganya kwamba inafikiri. Weka toleo la kawaida, kazi imekwisha. Kama mistari yote inamwagika kwa mpigo pale unapobonyeza kusimamisha, injini imeyazuia maandishi kwenye bafa, na hilo ni kosa la aliyeiandika. Kama injini inaamka vizuri kisha inazimika uchambuzi unapoanza, soma mistari ya "info string" ambayo programu nyingi huificha. Pengine EvalFile, chaguo la faili la tathmini, linaelekeza kwenye faili lisilokuwepo. Farasi wakigeuka herufi za ajabu kwenye orodha ya hatua, fonti ya kete haipo. Hilo hata mwanagenzi analijua.

Sasa nije kwenye lile ambalo asiyejua haoni kamwe: alama ya kujumlisha au kutoa mbele ya namba.

Injini ya UCI haijali nani mweupe. Inatoa tathmini kwa upande wa mwenye zamu. Chanya maana yake ni kwamba anayecheza sasa yuko vizuri. Sisi wasomaji tumezoea jicho la mweupe: chanya ni yake, hasi ni ya mweusi, zamu iwe ya yeyote. Kwa hiyo programu inapaswa kuigeuza alama kila zamu ya mweusi, na kuigeuza mara moja tu. Ikisahau, au ikigeuza mara mbili, matokeo ni yaleyale: nusu ya mchezo inasomeka kinyume.

Mbabaishaji anapima wapi? Kwenye mpangilio wa mwanzo! Pale tathmini ni kitu kama 0.30, ikawa -0.30 baada ya hatua moja, nani atashtuka? Mzee aliyenifunza kazi hii aliondoa malkia wa mweupe, akaacha kete nyingine zote mahali pake, zamu ya mweupe. Injini inatoa hasi kubwa, programu hasi kubwa. Anacheza e4. Sasa kwenye dirisha jeusi injini inatoa chanya kubwa, kwa kuwa zamu ni ya mweusi, lakini programu inatakiwa ibaki palepale kwenye hasi. Ikiruka, umeikamata.

Na hakuishia kwenye namba. Alikagua pau, kwa sababu kuna programu inayogeuza namba ikaisahau pau. Alikagua mati, kwa sababu kuna inayogeuza "cp", yaani tathmini ya kawaida, ikaisahau "mate", ikamtangazia anayekufa kwamba yeye ndiye atakayetoa mati kwa hatua tatu. Mwisho grafu: ikitoka kama meno ya msumeno, juu na chini kila hatua, usipoteze muda kupima tena. Programu nyingine zinakuachia uchague jicho la nani. Sawa, ila chaguo hilo lionekane.

Udanganyifu wa skrini haukuanza na hawa wa mitaani. Injini ya Rybka ya Vasik Rajlich, iliyotamba kuanzia mwisho wa 2005, ilionyesha kina na idadi ya nodi zisizo za kweli. Mwaka 2011 ICGA, chama cha kimataifa cha michezo ya kompyuta, ikaivua mataji yake, ingawa kwa kosa jingine: kunakili kutoka injini za Crafty na Fruit. Kanjanja wetu ana njia nyepesi zaidi: anakufungulia mwisho wa mchezo wenye kete nne, kina kinafika 60 kufumba na kufumbua, anakwambia mashine imechangamka, lete hela.

Mwaminifu hutengeneza pia kwa kutotengeneza. Mteja akilalamika kwamba namba zimebadilika tangu alipoweka Stockfish 15.1, ile ya 2022, anaambiwa kipimo ndicho kilichobadilishwa, +1.00 iwe ni nafasi ya nusu kwa nusu ya kushinda, na arudi nyumbani na fedha yake.

Mengine hayana mjadala. Mistari ya uchambuzi ni mitatu. Anayefungua mitano anatafuta mapambo. Kete ni za fonti ya Merida. Mishale ya rangi ni ya watoto. Na programu inayoandika kwamba hashi, kumbukumbu ya injini, imejaa asilimia 743 imeundwa na mtu asiyesoma maelezo, maana "hashfull" hutolewa kwa elfu. Enzi za WinBoard ya Tim Mann hatukuwa na pau wala mishale, tulikuwa na maandishi, na kila mtu alijua kuyasoma.

Ukimwita fundi, usimwulize ametengeneza programu ngapi. Mwambie aondoe malkia wa mweupe, acheze e4. Asipojua kwa nini unamwomba hivyo, usimpe hata nauli.