Filimbi ya "rafiki"

Mliokuwepo uani Jumamosi kwenye mchezo wa sarufi, ambapo mtoto hukimbilia duara la kimilikishi cha neno lililoitwa na akikosea hutolewa, mliona. Mwalimu aliita "rafiki!", msichana mmoja wa mwaka wa 4, kandambili mkononi, akakimbilia duara la YANGU, filimbi ikalia. "Toka! Rafiki ni mtu, ni WANGU." Akaenda kukaa ukutani.

Filimbi ile ilikosea. Rafiki ni mtu, sawa, na kwenye kitenzi anafuata ngeli ya A-WA: rafiki amefika. Lakini kwenye kimilikishi, majina ya undugu na urafiki yasiyo na kiambishi cha M- hufuata I-ZI: baba yangu, dada zangu, rafiki yangu. Mwulizeni mwalimu kama nyumbani humwita mzazi wake "mama wangu". Duara la WANGU ni la mtoto, mgeni, mpishi. Mwalimu alishika nusu ya kanuni akaipulizia filimbi.

Mtaniambia msichana alibahatisha, maana hapa mtaani kwetu Lumumba "yangu" ni ya kila kitu: kitabu yangu, kiti yangu, muti yangu. Huenda. Basi mtoto wa namna hiyo ndiye wa kubakizwa mchezoni mpaka mwisho! Nimeshasema, na nitachosha watu: mchezo wa sarufi usiwe wa kutoana. Kufikia duru ya nne walibaki wanane, wote wa nyumba zinazosema "changu" tangu zamani. Waliohitaji mazoezi walikuwa ukutani wanachora vumbi kwa vidole. Sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 inaitaka lugha ya taifa kama Kiswahili darasani, itumike kufundishia na ifundishwe. Sidhani waliitunga ili mtoto aadhibiwe kwa Kiswahili cha mama yake.

Mengine yalikwenda sawa: maduara ya chaki yalipangwa vizuri, na maneno yaliitwa kwa kasi inayofaa.

Lakini kucheza bila kutoana kunawezekana. Mwanaelimu Maria Montessori, zaidi ya miaka 100 iliyopita, aliwapa watoto kadi zenye vitenzi: soma, kisha tenda kilichoandikwa. Kosa halikuadhibiwa. Na mwalimu wangu wa zamani, ambaye hakuwa na kadi wala filimbi, alitupanga safu mbili kama wasichana wanaocheza nzango, mchezo wa kuruka na kurusha miguu. Safu moja ikirusha "kiti", ya pili inaruka na "changu". Ukikosa, pointi inakwenda upande wa pili, wewe unabaki umesimama na kusubiri neno lijalo. Mimi nilikosa "ukuta" mara tatu, mchana mmoja. Mara ya nne sikukosa. Kwa mpango wa Jumamosi, ningekuwa nimekaa chini tangu mara ya kwanza.

Baada ya zawadi Jumamosi ile mwalimu alishika kipaza sauti kuwashukuru wazazi, filimbi bado shingoni. "Asanteni sana," akasema, "ndugu zangu."