Neno "Kali" Mbele ya Bia ya Ubelgiji: Tahakiki ya Istilahi za Kuonja

Upungufu wa istilahi hauonekani tu pale neno linapokosekana. Huonekana pia pale neno moja linapobebeshwa kazi za maneno manne. Jua ni kali, pilipili ni kali, kisu ni kikali, na mwalimu naye ni mkali. Katika mazungumzo hakuna anayepotea, kwani muktadha humwongoza msikilizaji. Katika istilahi mtu hupotea, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wa waliopotea.

Nilipewa kutafsiri kijitabu cha mafunzo kwa wahudumu wa hoteli. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya namna ya bia itengenezwayo Ubelgiji, yenye rangi iliyokoza na kileo kingi, ambayo watawa wa Kitrapisti wameipatia sifa duniani. Niliandika "bia nyeusi kali", nikaendelea na ukurasa uliofuata. Baadaye mkufunzi mmoja aliyekitumia kijitabu hicho aliniuliza: je, kinywaji hiki kiwekwe pamoja na bia au pamoja na pombe kali? Swali lake lilikuwa la haki. "Pombe kali" kwetu ni vinywaji vilivyokenekwa, kama wiski na jini, na wala si bia. Katika maneno matatu nilikuwa nimeingiza makosa mawili.

Ili nisihukumu maneno kwa kamusi pekee, niliomba nionjeshwe kitu chenyewe. Nilimiminiwa Chimay Bleue, bia ya asilimia 9 ya kileo. Hutengenezwa katika abasia ya Scourmont, iliyoanzishwa mwaka 1850, nayo ilitolewa kwanza kama bia ya Krismasi mwaka 1948. Haiko peke yake katika jamii hiyo: Rochefort 10, ya watawa wengine wa nchi hiyo hiyo, hufikia asilimia 11.3.

Tuanze na rangi. Bilauri ilipoinuliwa kwenye mwanga, kilichoonekana ni kahawia iliyokoza, yenye wekundu pembeni. Haikuwa nyeusi. Bia iitwayo nyeusi kwa haki ni ile ya shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, na ladha yake huelekea kwenye kahawa. Bia nyingi za namna hii ya Ubelgiji hupata rangi kutokana na kimea cha rangi nzito, na mara nyingi pia kutokana na shira ya sukari iliyopikwa mpaka ikageuka rangi. Kwa hiyo pua haikuti kahawa, bali zabibu kavu, tende na sukari iliyoungua. Anayesoma "nyeusi" atatarajia ladha moja, naye atapewa nyingine. Kiswahili hakikunyima neno hapa. Mimi ndiye niliyelipita. Fundi wa nguo husema rangi imekoza, na kila mtu humwelewa.

Kisha harufu. Kijitabu kilisema bia hii ina "viungo", nami sikulishuku neno hilo. Kwa hakika karafuu ilisikika waziwazi. Lakini namna hii ya bia huweza kunukia karafuu pasipo punje moja ya karafuu kutiwa, kwa kuwa aina fulani za chachu, zinapougeuza utamu kuwa kileo, huzaa zenyewe harufu hiyo, na pengine ile ya ndizi mbivu. Kuandika "ina viungo" ni kutoa habari juu ya malighafi, na habari hiyo huenda ikawa ya uongo. Kuandika "inanukia karafuu" ni kutoa habari juu ya pua ya mwonjaji, na hiyo ni kweli. Mfasiri wa lebo ya chakula hana ruhusa ya kuchanganya mambo haya mawili.

Katika kinywa, utamu ulitangulia, uchungu wa kadiri ukafuata, na mwisho pakawa na joto jepesi kooni. Hapakuwa na kuwasha. Wala bia haikuwa nzito kama nilivyodhani, maana sukari iliyotiwa karibu yote hugeuka kileo, isibaki kuinenepesha. Waandishi wa Ulaya husema juu ya "mwili" wa kinywaji. Hatuna haja ya mwili huo, kwani tangu zamani tumetofautisha uji mzito na uji mwepesi. Uzito watosha, mradi usichanganywe na wingi wa kileo. Bia hii ni nyepesi kuliko inavyolevya, na hapo ndipo penye hatari yake.

Hatari hiyo si ya nadharia. Chupa ya mililita 330 ya bia ya asilimia 9 ina karibu mililita 30 za kileo halisi. Chupa kama hiyo ya asilimia 5 haifikishi mililita 17. Mnywaji aliyeambiwa "bia kali" atangoja ukali ulimini. Asipouona, ataagiza ya pili, kisha atashika usukani. Neno "kali" limemwonya juu ya jambo lisilokuwapo, likamficha lililopo.

Wenzetu wa fani hii walikwisha kulikabili tatizo lenyewe. Mwaka 1979 Morten Meilgaard na wenzake walichapisha mfumo wa majina 122 ya ladha na harufu za bia, yaliyopangwa katika makundi 14. Msingi wake ni kwamba kila ladha inayoweza kutambuliwa peke yake ipewe jina lake. Sisemi tuyatohoe majina yote 122. Nasema tuuchukue msingi.

Kwa hiyo napendekeza: kileo kipimwe kwa uchache na wingi, rangi iwe imekoza au imefifia, kinywaji kiwe kizito au chepesi, chungu na chachu yasibadilishane nafasi, na ukali uachiwe kile kinachowasha au kuchoma. Bia tunayoijadili itakuwa "bia ya kahawia iliyokoza, yenye kileo kingi". Itasemwa kwamba jina hili ni refu. Ni kweli, lakini refu lisilodanganya ni bora kuliko fupi linalopeleka chupa kwenye rafu isiyo yake.

Msomaji asiyekunywa pombe aweza kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu mara anapotafsiri lebo ya asali, ripoti ya waonja kahawa, au maelezo ya dawa ya kikohozi. Neno "kali" linamngoja huko kote, likiwa na uso ule ule wa upole.

Kijitabu kile nimekirekebisha, na mkufunzi amepelekewa nakala mpya. Bado sijaridhika na jambo moja: ile ladha ibakiyo kinywani baada ya kumeza haijapata jina fupi. Wasomaji walio na neno la kwao, la pwani au la bara, wanaombwa walilete.