"Corn" si mahindi tu: neno kwa wanaotengeneza lexique zetu

Leo nazungumzia mstari mumoja tu. Hapa Mboko, kijana anayeanza Kiingereza anashika kwanza lexique: karatasi za fotokopi, Kiingereza upande mumoja, Kifaransa katikati, Kiswahili mwisho. Ile niliyo nayo, kwenye sehemu ya chakula, inasema: corn, maïs, mahindi. Basi. Hakuna neno lingine. Mstari huo unasema ukweli nusu, na nusu iliyobaki njo inatuletea shida.

"Corn" ni neno la zamani, Waingereza walikuwa nalo kabla Ulaya haijaona muhindi hata mumoja. Maana yake ilikuwa punje. Ni ndugu ya neno la Kilatini granum, lile lililozaa grain ya Kifaransa. Kwa hiyo sisi tuliosoma Kifaransa tusidanganywe na corne, pembe: hiyo ni familia ingine. Ukitaka ushahidi, nenda dukani. Corned-beef, ile nyama ya mkebe, haina mahindi ndani. Inaitwa hivyo juu nyama ilihifadhiwa kwa chumvi ya punje kubwa-kubwa.

Kutoka punje, neno likahamia kwenye nafaka ambayo watu wa mahali wanaitegemea. Kwa Mwingereza ikawa ngano, kwa mtu wa Scotland ikawa oti. Waingereza walipofika Amerika wakakuta wenyeji wanalima mahindi, wakayaita "Indian corn", corn ya Wahindi wa kule. Baadaye "Indian" ikaanguka njiani. Njo maana Mmarekani akisema corn ni mahindi, lakini mkulima wa Uingereza akisema corn anaweza kuwa anaongelea ngano yake au shayiri.

Sasa, shida iko wapi? Nilimusikia muhubiri mumoja, mwenye kusoma Biblia ya Kiingereza, akieleza kwamba wanafunzi wa Yesu walivunja mahindi shambani siku ya sabato. Biblia ya King James, ya mwaka 1611, kweli imeweka corn katika Mathayo 12. Lakini mahindi yalivuka bahari baada ya 1492. Petro angeyatoa wapi? Biblia ileile, katika Yohana 12:24, inaongelea corn ya ngano, maana yake punje ya ngano. Waliotafsiri kwa Kiswahili waliandika masuke, na walifanya vizuri.

Ao chukua historia. Uingereza ilikuwa na Corn Laws, kuanzia 1815 mpaka zilipofutwa 1846. Mwenye lexique yetu ataandika "Sheria za Mahindi". Hapana. Zilikuwa zinalinda bei ya ngano na nafaka zingine za wakulima wa kule. Mwaka 1845 viazi vikaoza Ireland, njaa ikaingia, na waziri mkuu Robert Peel akanunua Amerika mahindi ya pauni 100,000. Hayo njo yaliitwa Indian corn. Yalikuwa magumu, yalihitaji kusagwa vizuri, na watu wasioyazoea waliumwa tumbo. Ukiita zote mbili "mahindi", hauwezi tena kuelewa ni nafaka gani ilikuwa inalindwa na ni gani ililetwa kama msaada.

Tusiwacheke Waingereza, juu na sisi tunafanya vilevile. Mwaka 1996 watu wengi wa Fizi walivuka ziwa wakaenda Kigoma, kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Kule posho ilikuwa unga wa mahindi. Mtoto aliyekomalia kambini, ukimwambia ugali, anaona mahindi. Wengine walianza kurudi 2005. Yule aliyebaki huku, ukimwambia bugali, anaona muhogo. Nimesikia vijana wakibishana nani anajua ugali "wa kweli", mpaka mumoja anamwambia mwenzake eti si Mukongomani tena. Bwana! Neno lilifuata sahani ya kila mumoja, basi.

Na hata "mahindi" yenyewe, sikiliza vizuri: ndani yake kuna Hindi. Lakini mumea ulitoka Mexico, na jina maïs lilitoka kwa Wataíno wa visiwa vya Karibi, kupitia Kihispania. Waturuki wanaita mısır, neno ambalo pia ni jina la Misri. Waitaliano wanaita granturco, nafaka ya Waturuki. Kila mumoja alionyesha kidole kwa mugeni mwingine, na Mexico haikutajwa.

Najua jibu litakalokuja: lexique ni ya wanaoanza, iache iwe fupi. Nakubali ufupi. Lakini mistari mitatu haitamaliza karatasi:

Corn, Marekani: mahindi.
Corn, Uingereza: nafaka, zaidi ngano.
Corn, zamani na katika Biblia: punje, nafaka.

Wengi wetu tunatafuta kazi ya ukalimani kwenye mashirika. Kesho utasoma mfuko wa unga wa uji ulioandikwa "Corn Soya Blend", na hapo ni mahindi kweli. Kesho kutwa utapewa ripoti ya mavuno ya Uingereza, na hapo mahindi yatakuharibia kazi. Lexique isiyosema neno linatumiwa wapi inakutuma kazini na nusu ya chombo. Wanaozitengeneza ni wakubwa wetu, tunawaheshimu, lakini waongeze mahali.

Na wewe wa Lusenda, wa Swima, wa Baraka: kwenu, mtu akisema bugali bila kuongeza kitu, ni bugali wa nini? Andika hapa chini, na useme unatoka wapi.