Jembe Juu ya Kichuguu

Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga nchini Kongo, ni mji wa shaba. Asiyeujua kwa shaba anaujua kwa Shinkolobwe, mgodi ulio kilomita zipatazo 20 kutoka mjini, ambako ilichimbwa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945. Tangu enzi za Jadotville, jina lililofutwa mwaka 1966, habari za mji huu huandikwa kwa tani za madini. Mahindi hayamo. Lakini ukishika barabara ya kwenda Kapolowe, ukaviacha nyuma viwanda vya Shituru, unaingia katika vijiji vya nyumba za matofali na mihogo uani, na katikati ya mashamba yake unaona vilima vyekundu, kimoja hapa, kingine pale. Mahindi yaliyo pembeni mwa kilima ni ya kijani iliyokolea. Hatua kumi kutoka hapo, mbegu ileile, mvua ileile, mahindi ni mafupi na ya manjano.

Vilima hivyo ni vichuguu. Nani amevijenga kila mtoto wa hapa anajua, na namna ya kuvilima ni ujuzi ambao naona haujapata heshima yake.

Kwanza ardhi yenyewe. Huku ni nyanda za juu, mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari, kwenye msitu wa miombo. Mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba, ikakatika Aprili. Baada ya hapo unaweza kupitisha mwezi baada ya mwezi bila tone. Ni mvua nyingi kwa muda mfupi, na kwa maelfu ya miaka imeusafisha udongo ikaondoka na chumvi zake zenye faida. Udongo uliobaki ni mwekundu, unapendeza kwa macho, lakini ni mchachu na umechoka. Anayefyeka msitu hupata mavuno mazuri mwaka wa kwanza, kwa nguvu ya majivu. Mwaka wa tatu anaanza kutafuta mbolea ya dukani, na bei ya mbolea ya dukani kila mkulima anaijua.

Mchwa amekataa hali hiyo. Aina iliyotawala huku wataalamu huiita Macrotermes falciger. Hushuka chini sana, mahali ambapo jembe halifiki, akapandisha mfinyanzi punje kwa punje, akiugandisha kwa mate. Pamoja na mfinyanzi hupanda chokaa na madini mengine ambayo mvua iliyazamisha. Ndiyo maana udongo wa kichuguu hauna uchachu wa udongo wa jirani. Katika hekta moja ya Haut-Katanga huwa kuna vichuguu vitatu hadi vitano. Vikubwa hupita mita tano kwenda juu, na upana wa chini hufika mita kumi na tano. Watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Ghent walivipima umri kwa kaboni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kimojawapo, kilichokwisha kuachwa na mchwa, kina zaidi ya miaka 2,000. Kilianza kujengwa zamani sana kabla ya mfalme Msiri kuweka dola yake Bunkeya.

Kazi ya mkulima huanza kabla ya jembe. Hukizunguka kichuguu polepole, macho chini. Akikuta tope bichi limepakwa juu ya ufa, anajua wenye nyumba wamo. Kichuguu cha namna hiyo kilele chake hakiguswi. Akikibomoa amejikosesha kumbikumbi wa mvua za kwanza, na uyoga unaochipuka kutoka bustani za ndani ya kichuguu. Maana mchwa naye ni mkulima: huotesha ukungu chini ya ardhi, juu ya mabaki ya miti na majani, na alianza kilimo hicho zaidi ya miaka milioni ishirini kabla ya binadamu kushika jembe. Uyoga wake mkubwa kuliko wote, kofia ikifunguka, hufika mita moja. Msimu wa mvua utaona watoto wameusimamisha kando ya barabara, wakiwangojea wateja wa magari, na mwavuli wa mvua ukiwekwa karibu nao unaonekana mdogo.

Kichuguu kilichohamwa kina alama nyingine. Nyufa hazizibwi tena. Kichaka kimekipanda, miti na mitambaazi tofauti kabisa na ile ya msitu unaokizunguka. Mvua inakimega mwaka hadi mwaka, udongo unateremka na kujilaza kandokando kama pindo la kanga. Hapo kwenye pindo ndipo penye mali. Chokaa ya juu imeshuka, majani ya kichaka yameoza ndani yake, na jembe linaingia. Tumbo la kichuguu ni kitu kingine: gumu, kavu, maji ya mvua huteleza juu yake yakaenda zake. Mgeni mwenye haraka huanza na kilele kwa sababu ndicho kinachoonekana, akavunja mpini. Mwenyeji huanza chini, akapanda taratibu kadiri miaka inavyokilainisha. Mahindi kwanza, maboga katikati ya mahindi, na majani ya maboga yataingia chunguni na karanga kabla hata hindi halijatoa ndevu. Wazee walipenda kupanda mtama huko. Mihogo huachiwa udongo wa tambarare, kwa sababu mhogo hauna makuu.

Mahali pengi kusini mwa Afrika watu wamegundua jambo hilihili. Zimbabwe wakulima huvunja vichuguu, wakausomba udongo wake na kuumwaga shambani badala ya mbolea. Mimi naipenda zaidi njia ya pindo. Inamwacha mchwa aendelee kusomba.

Watu wa nchi hii ya Wasanga wamesoma ardhi tangu zamani. Walijua kwamba kilima kisicho na miti, chenye majani mafupi tu, kina shaba chini yake, na mafundi waliyeyusha shaba hiyo kwa karne nyingi kabla kampuni ya migodi ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906. Wajiolojia waliokuja baadaye walizifuata alama hizohizo. Jicho linalojua mahali pasipopandwa ndilo linalojua mahali pa kupanda. Sioni kwa nini nusu ya elimu hiyo iitwe sayansi, na nusu nyingine iitwe mazoea ya wanakijiji.

Mji, kwa upande wake, haujawahi kukitegemea sana kijiji. Wafanyakazi wa migodi walilishwa kwa posho, na unga mwingi ulitoka Rhodesia. Hata leo, Zambia ikifunga mpaka wa mahindi, bei ya bukari, yaani ugali, hupanda mezani Likasi. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipowaachisha kazi zaidi ya watu 10,000 kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wengi walilazimika kurudia jembe, na waliokuwa na mama au shangazi kijijini wa kuwaonyesha kichuguu kipi kilimwe na kipi kiachwe walikuwa na bahati.

Sasa kichuguu kina mgombea mwingine. Mfinyanzi wake ni mzuri kwa matofali. Ukifika mwezi wa sita wafyatuaji hukikata kuanzia ubavuni, wanapanga tanuru papo hapo, wanakata miombo ya kuchomea, na kabla ya mvua kurudi pamebaki shimo. Mwenye shamba amelipwa mara moja. Siwalaumu wafyatuaji, watu lazima wapate nyumba, na nyumba nyingi za Likasi zina kichuguu ndani ya kuta zake. Lakini kiko kichuguu cha porini na kiko cha shambani, na mfinyanzi wa matofali hupatikana pia mabondeni. Kwa hiyo wewe unayejenga kiangazi hiki, kabla hujalipa, muulize fundi udongo wake umetoka wapi. Akikuambia umetoka kwenye kichuguu ambacho watu wanakilima, tafuta fundi mwingine.